Kijidudu cha Nundu na Mbegu za Nafaka

Kama jirani yako ana shamba la mahindi, mpunga au mtama, mwite asogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo ni ya mbegu za nafaka na yanahitaji utulivu kidogo.

Nitaanza na kisa. Msimu uliopita, siku chache kabla ya mvua za kupandia, nilikuwa katika duka moja la pembejeo nikisubiri kupimiwa mbolea. Akaingia mama mmoja na mfuko wa kilo mbili wa mbegu ya mahindi chotara, haujafunguliwa. Akauweka juu ya meza. "Mwanangu," akamwambia kijana wa dukani, "chukua mbegu yako, unirudishie hela yangu." Kijana akauliza, "Kwani ina nini, mama?" Mama akajibu, "Nimeambiwa imetiwa vijidudu. Ukila mahindi yake, na wewe vinakuingia." Kijana alitaka kucheka, akaona mama hacheki. Hela hakurudishiwa, na mfuko akauacha pale pale mezani, akaenda zake. Baadaye nikapata habari kwamba alipanda punje alizochambua ghalani, uzao wa mahindi chotara ya mwaka uliotangulia. Kila mkulima anayenisikiliza anajua shamba la mbegu ya namna hiyo linavyokuwa: huyu mrefu, yule mfupi, huyu ana gunzi, yule hana.

Sasa, mama yule si mjinga hata kidogo. Alikuwa amesikia maneno manne ya kweli, ila mtu alikuwa ameyapika yote katika chungu kimoja. Kuna mbegu zinazopakwa dawa. Kuna mbegu ambazo kweli hupakwa vijidudu. Kuna mbegu chotara. Na kuna mbegu zilizobadilishwa vinasaba, yaani chembe za urithi, kwa msaada wa kijidudu fulani cha udongoni. Tuyaepue matatu ya kwanza upesi upesi, halafu tukae na hilo la nne.

Dawa ndiyo ile rangi ya waridi, nyekundu au kijani unayoiona ukifungua mfuko. Imewekwa kuikinga punje na ukungu na wadudu wa ardhini, na imetiwa rangi makusudi ili mtu asidhani ni chakula. Mbegu hiyo usiile, usiwatupie kuku, na mfuko wake usiutumie kuwekea unga. Lakini rangi ile haina uhusiano wowote na urithi wa mahindi utakayovuna.

Vijidudu vya kupaka ni vya mikunde. Wakulima wa soya wanaufahamu unga unaochanganywa na mbegu siku ya kupanda. Humo mna vijidudu hai, vile vinavyofanya makao katika vinundu vya mizizi na kuupatia mmea nitrojeni kutoka hewani. Vinakaa mizizini, vinafanya kazi, na soya inabaki soya ile ile.

Na chotara ni ndoa tu. Mahindi ya H611, yaliyotolewa Kitale nchini Kenya mwaka 1964, yalitokana na kuoanisha mahindi ya pale Kitale na mahindi yaliyotoka Ecuador, huko Amerika ya Kusini. Chavua ya huyu imedondoshwa juu ya ndevu za yule, basi. Hapo hapana maabara wala kijidudu. Mbegu uliyoiacha mezani, mama, ilikuwa ya namna hiyo.

Haya, sasa tuingie katika la nne.

Ninyi wenye miti ya matunda, mizabibu au maua ya waridi, huenda mmewahi kuona nundu gumu, lenye mikunjo kama ngozi ya mzee, limeota pale shina linapokutana na udongo. Mwaka 1907 wataalam wawili wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, Erwin Smith na Charles Townsend, walithibitisha kwamba nundu hilo huletwa na kijidudu cha udongoni. Kijidudu hicho huingia pale mmea ulipojeruhiwa, labda kwa jembe, labda kwa kisu cha kupogolea. Siku hizi kinajulikana kwa jina la Agrobakteria. Mimi nitakiita kijidudu cha nundu, tuelewane.

Ajabu yake ilionekana katika miaka ya 1940. Mtaalam Armin Braun alikuta kwamba ukikiua kijidudu chenyewe, nundu halikomi. Linaendelea kukua. Kana kwamba mgeni ameshaondoka nyumbani lakini watoto bado wanafuata amri zake. Amri gani hizo, na zimebaki wapi? Jibu lilichukua miaka 30 na zaidi. Mwaka 1974 wataalam wa Ghent, nchini Ubelgiji, wakiwemo Jeff Schell na Marc Van Montagu, waligundua kwamba vijidudu vinavyoleta nundu vina pete ndogo ya vinasaba ambayo vile visivyoleta nundu havina. Mwaka 1977 Mary-Dell Chilton na wenzake, mjini Seattle, Marekani, wakaonyesha kwamba kipande cha pete hiyo kinahamia ndani ya seli za mmea na kujishona katika vinasaba vya mmea wenyewe.

Hapa tusimame kidogo, maana ndipo kiini cha mambo kilipo. Kila seli ya mmea, yaani kile chumba kidogo kabisa ambacho mwili wake umejengwa nacho, ina maagizo ya urithi: ukue hivi, toa jani hivi, tengeneza wanga hivi. Kijidudu cha nundu kinakata kipande cha maagizo yake, kinakipenyeza ndani ya seli, na seli inakisoma kama vile ni cha baba yake. Kipande hicho kina amri mbili. Ya kwanza: ongezeka, ongezeka. Ndiyo maana nundu linatokea. Ya pili ni ya ujanja zaidi: pika chakula cha aina fulani ambacho mmea wenyewe hauna kazi nacho, bali kijidudu ndicho kinachokila. Ni mgeni anayeingia jikoni kwako na kuamuru apikiwe chakula ambacho ni yeye tu anayekijua, kwa kuni zako na unga wako.

Wataalam wakajiambia: kama kijidudu hiki kinajua kubeba mzigo mpaka ndani ya seli, kwa nini tusikibadilishie mzigo? Wakaondoa amri za nundu katika ile pete, wakabakiza alama za mwanzo na mwisho zinazokiambia kijidudu "kata hapa na hapa", na katikati ya alama hizo wakaweka kinasaba wanachokitaka wao. Kijidudu hakijui kusoma mzigo. Kinabeba tu. Mwaka 1983 makundi kadhaa ya watafiti, Ubelgiji na Marekani, yalitangaza kwamba yamefaulu kupenyeza vinasaba vya namna hiyo katika mimea kama tumbaku.

Tumbaku ilikubali. Nafaka zikakataa.

Na kukataa kwake kuna sababu ambayo mkulima anaweza kuielewa vizuri. Ukiukata mtumbaku, jeraha lake linatoa majimaji yenye kemikali fulani. Kwa kijidudu cha nundu, kemikali hizo ni kama moshi wa jikoni kwa mpita njia mwenye njaa: hapo pana nyumba, hapo pana mlango wazi. Mwaka 1985 watafiti wa Ghent waliitambua kemikali mojawapo, inaitwa asetosiringoni. Halafu seli za pembeni ya jeraha la mtumbaku huanza kugawanyika ili kuliziba, na seli inayogawanyika ndiyo rahisi kupokea mzigo. Mahindi, mpunga na ngano si hivyo. Ukikata jani la muhindi, moshi ule hautoshi, na seli za pembeni hazigawanyiki. Zinakauka na kufa. Ndiyo sababu hujawahi kuona nundu la namna ile kwenye muhindi. Kijidudu hakina desturi ya kuzuru nafaka.

Kwa hiyo kwa miaka kadhaa watu walitumia nguvu. Kundi la John Sanford, wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1987 lilitangaza bunduki ya kurushia chembe ndogo mno za chuma aina ya tangsteni zilizopakwa vinasaba, na majaribio ya kwanza waliyafanya kwa vitunguu. Ni bunduki kweli, msidhani natania. Kwa njia hiyo mahindi yenye kinasaba kigeni na yenye kuzaa mbegu yalipatikana mwaka 1990. Lakini bunduki haina adabu. Mara nyingi hupeleka vipande vingi, vimevunjika au vimerundikana ovyo, na mtaalam hukaa miaka akichambua.

Aliyefungua mlango kwa upole alitoka Japani. Mwaka 1994 watafiti wa kampuni ya tumbaku ya huko, Yukoh Hiei, Toshihiko Komari na wenzao, walionyesha kwamba kijidudu cha nundu kinaweza kufanya kazi katika mpunga vizuri karibu sawa na katika mimea ya majani mapana. Mwaka 1996 wenzao, wakiongozwa na Yuji Ishida, wakafanya hivyo kwa mahindi. Siri yao ilikuwa kuacha jani na shina, wakaenda kwenye kiini cha punje, mahali ambapo seli bado changa na zina hamu ya kugawanyika. Tena, badala ya kungoja moshi, waliuwasha wenyewe: waliichanganya ile asetosiringoni katika chakula cha vijidudu. Na kijidudu walichokitumia walikiongezea nguvu kwa vinasaba vya kile ambacho kati ya ndugu zake kilisifika kwa ukali.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Muhindi unachavushwa kwa mkono. Baada ya siku kama 10 gunzi linavunwa, punje zikiwa bado maji ya maziwa. Ndani ya kila punje mna kiini chenye urefu wa milimeta 1 hivi, na fundi anakitoa kwa ncha ya kisu, kimoja kimoja, mamia kwa mamia. Jamani, kazi hiyo si ya mtu mwenye haraka. Viini hivyo vinachovywa katika maji yenye vijidudu, kisha vinalazwa pamoja navyo gizani siku chache juu ya chakula kilichoganda kama jeli. Hapo ndipo mzigo unapohama.

Baada ya hapo kazi ya kijidudu imekwisha, nacho kinauawa kwa dawa ya kuua bakteria. Narudia kwa ajili ya mama yule: kinauawa, na hakimo katika mbegu inayokwenda shambani. Kilichobaki ni mzigo.

Lakini seli zilizopokea ni chache kati ya nyingi. Zitajulikanaje? Pamoja na kinasaba kinachotakiwa, fundi hupakia kingine cha alama, kwa mfano cha kustahimili dawa fulani ya kuua magugu. Seli zote hulishwa dawa hiyo. Zisizopokea mzigo hufa, zilizopokea huendelea kukua zikawa kijidonge, kijidonge kikatoa chipukizi, chipukizi likatoa mizizi, likahamishiwa kwenye chungu. Katika kazi ile ya mwaka 1996, kwa kila viini 100 walipata mimea kati ya 5 na 30. Na hiyo ni kwa aina moja ya mahindi, inayoitwa A188, iliyokubali vizuri. A188 si mahindi ya kumfaa mkulima. Kwa hiyo kinasaba kikishaingia, muhindi huo huoanishwa na mbegu bora, uzao wake ukaoanishwa tena na mbegu ile ile bora, vizazi kadhaa, mpaka kinachobaki cha yule wa kwanza ni kile kinasaba peke yake na kidogo kilichong'ang'ania pembeni yake. Ngano na shayiri zilifuata mwaka 1997, mtama mwaka 2000.

Sasa nasikia mzee mmoja huko akisema: "Hayo ni kuingilia kazi ya Mungu. Kijidudu na chakula wapi na wapi?" Shikamoo, mzee. Nikuulize, leo asubuhi ulikunywa chai na nini? Kama ni kwa kiazi kitamu, umeshakula mzigo wa kijidudu cha nundu. Mwaka 2015 watafiti wa Ghent na wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichopo Lima, nchini Peru, walitangaza kwamba walichunguza aina 291 za viazi vitamu vinavyolimwa, na zote walizikuta na vipande vya vinasaba vya Agrobakteria. Hakuna binadamu aliyeviweka. Kijidudu kiliingia chenyewe zamani za kale, na mmea ukaendelea kuvirithisha mpaka leo, vikiwa ndani ya viazi vinavyopondwa na kuchomwa kila kijiji.

Lakini nami nisije nikawapikia chungu kingine cha mchanganyiko. Habari ya kiazi inaonyesha kwamba kupenya kwa kijidudu peke yake si sumu. Haionyeshi kwamba kila mzigo unaopakiwa ni mwema. Mbegu moja imebeba kinasaba cha kuua viwavi, nyingine cha kustahimili dawa ya magugu, nyingine cha kuongeza vitamini. Kila mzigo upimwe peke yake: kwa chakula, kwa nyuki, kwa mimea jirani. Swali la "je, mbegu hizi ni nzuri au mbaya?" ni sawa na kuuliza kama magari ni mazuri au mabaya bila kusema limebeba nini, na nani anaendesha.

Tuje nyumbani. Mradi wa mahindi ya kustahimili ukame, ulioitwa WEMA, ulianza mwaka 2008 na kuzihusisha nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwa mojawapo. Mwezi wa Oktoba 2016 mbegu ya majaribio ilipandwa Makutupora, Dodoma, ndani ya uzio. Mahindi hayo yalibeba kinasaba cha bakteria mwingine wa udongoni, na aliyekipeleka ndani ya muhindi ni yule yule kijidudu wetu wa nundu. Mwezi wa Novemba 2018 Wizara ya Kilimo iliagiza majaribio yasitishwe na mabaki yake yateketezwe, na Januari 2021 ikatangaza kuyafuta. Mpaka hapo hakuna mbegu ya namna hiyo iliyokuwa imeidhinishwa kuuzwa kwa mkulima wa Tanzania. Nchi nyingine zimekwenda njia nyingine. Kenya iliondoa marufuku yake mwezi wa Oktoba 2022, shauri likaenda mahakamani. Nigeria ilitangaza Januari 2024 kwamba imeyaruhusu mahindi yake yanayobeba kinasaba hicho cha ukame pamoja na cha kujikinga na viwavi.

Kwa maoni yangu, wengi waliotetea mahindi ya Makutupora waliahidi kupita kiasi, na wengi waliopinga walitisha kupita kiasi. Hakuna kinasaba kitakachoufanya muhindi uzae bila maji. Kinaweza kuupunguzia hasara pale mvua inapokata kwa wiki chache, basi. Mkulima wa Dodoma ambaye mvua imemkimbia tangu Januari hatasaidiwa na kijidudu chochote. Huyo apande mtama.

Na hao viwavi nao si wajinga. Afrika ya Kusini ililima mahindi yenye kinasaba kimoja cha kuua viwavi vya mabua. Mwaka 2007 ikatolewa taarifa kwamba viwavi wa huko wamekizoea, wanakula wakistawi. Baadaye ikaletwa mbegu yenye vinasaba viwili, ambayo kijidudu cha nundu ndicho kilichoibebea mzigo. Kosa mojawapo lilikuwa kwamba wakulima wengi hawakupanda kando sehemu ya mahindi ya kawaida, ili viwavi wasiozoea sumu wapate pa kuzaliana na kuoana na waliozoea. Kwa mwenye hekta 500 kutenga sehemu kama hiyo ni jambo dogo. Kwa mwenye ekari moja na nusu, mwambie akae na viwavi makusudi katika robo ya shamba lake uone atakavyokutazama. Hilo ni swali kubwa kuliko la vijidudu kumwingia mtu tumboni, na ndilo ninalotaka mliulize siku mtakayoitwa kwenye mkutano wa kijiji kuhusu mbegu hizi.

Ulizeni pia kuhusu chavua. Mpunga hujichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, lakini chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo. Wazalishaji wa mbegu hutenga shamba lao na la jirani kwa mita 200 au zaidi. Vijijini kwetu, mpaka wa shamba ni mstari wa mkonge au jiwe. Anayehifadhi mbegu yake ya asili mwaka hata mwaka atalindwaje, jirani akipanda nyingine? Tena ulizeni ni nani mwenye mbegu. Kijidudu kinafanya kazi bure, lakini njia za kukitumia na vinasaba vyenyewe vimechukuliwa hati za umiliki na makampuni na vyuo, na mkataba wa mbegu unaweza kumruhusu mkulima kuhifadhi punje za kupanda au kumkataza. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya watu, kabla ya kutia saini.

Ama kuhusu ule mfuko wa kilo mbili, nilimwomba kijana wa dukani auweke pembeni. Una lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na tarehe ya kupimwa uotaji imeandikwa. Mama, kama unanisikiliza, mfuko wako upo. Mvua za kupandia zikikaribia, mpitie yule kijana, mwangalie tarehe pamoja kabla hujaufungua.

Wiki ijayo, ndugu wakulima, tutapima uotaji wa mbegu iliyopo ghalani kwako. Kila mmoja awe na punje 100 za mbegu yake, kipande cha gunia safi na maji kidogo. Mpaka hapo, kazi njema.